Reli Iliyoishia Muheza: Maneno ya Kamati ya Fedha Siku ya Harambee



Waandaaji wameiweka Kamati ya Fedha baada ya chakula, na tunawashukuru, kwa kuwa mtu mwenye njaa hasikilizi hesabu. Taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka mmeipata kwa maandishi. Hatutaisoma hapa. Tumeomba dakika hizi kwa ajili ya jambo moja linalopigiwa kura leo mchana: je, fedha zitakazopatikana leo zimalizie wodi ya wazazi ya zahanati yetu, ambayo sasa ni boma, au zigawanywe tuanze kwa pamoja nyumba ya mganga na bweni la wasichana?

Wengi mnajua msimamo wetu, na baadhi yenu mmeshatuita wagumu. Basi tumeona badala ya kuwarushia tarakimu tuwasimulie habari ya kampuni moja ya reli iliyokufa zamani. Sisi wahasibu tunapenda kusoma habari za kampuni zilizokufa kama daktari anavyosoma habari za ugonjwa.

Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilishika yenyewe utawala wa nchi hii, ambayo kabla ya hapo ilikuwa mikononi mwa kampuni ya biashara ya Kijerumani, ile iliyoshindwa kuuzima upinzani wa Abushiri na watu wa pwani bila kuletewa askari wa serikali. Mwaka huohuo, chini ya kivuli cha kampuni hiyohiyo, ikaundwa kampuni ya kujenga reli kutoka Tanga kwenda milima ya Usambara. Hiyo ndiyo reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania Bara.

Sababu yake ilikuwa mashamba. Walowezi walikuwa wamechukua ardhi katika Usambara ya Mashariki na kupanda kahawa. Kahawa ilitakiwa ishuke hadi bandarini, na kubeba magunia kichwani ni kazi ya polepole na ya watu wengi. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri: mashamba yatatoa mzigo, mzigo utalipa nauli, nauli itarudisha mtaji na kusukuma reli mbele.

Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Tarehe 1 Aprili 1896 treni zikafika Muheza, umbali wa kilomita 40. Pigeni hesabu wenyewe: karibu miaka mitatu, kilomita 40, yaani takribani kilomita 13 kwa mwaka. Ni kama kutumia miaka mitatu kutoka Mwanza mjini na kuwa bado hujafika Magu.

Na hapo Muheza reli ikakaa. Fedha zilikuwa zimekwisha. Wenye mitaji kule Ujerumani hawakuwa na hamu ya kuongeza fedha katika jambo ambalo faida yake haijaonekana, na kilomita 40 za reli hazikuingiza nauli ya kutosha kujenga kilomita ya 41. Kahawa nayo haikusaidia: mwishoni mwa miaka ile bei yake ilianguka katika soko la dunia, na udongo wa Usambara uliosifiwa sana ulionekana kuchoka mapema. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikainunua reli kwa marki milioni 1.3, na kampuni ikatoka kwenye biashara hiyo. Tangu kuundwa hadi kuuza ni miaka minane.

Serikali ndiyo iliyoendelea. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, ikafunguliwa rasmi mwaka 1912. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352. Kumbe kampuni iliyoanza kwa shangwe ilijenga karibu sehemu moja ya tisa tu ya njia ambayo baadaye watu waliijua kama reli ya Tanga.

Ndugu wanachama, hatuwasifu wakoloni. Reli ile ilijengwa ili kutoa mali nchini. Ardhi iliyopitiwa na kuzungukwa na mashamba yale ilikuwa na wenyewe. Wanaume wa Unyamwezi na wa kwetu Usukumani walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya Tanga, na katika enzi ya Mwingereza wengi wao walikuja kuitwa manamba, mtu akijulikana kwa namba kabla ya jina lake. Wapo humu ndani wenye babu waliorudi kutoka mkonge na kikohozi, na wapo wenye babu ambao hawakurudi. Tunachotafuta katika habari hii ni hesabu yake tu. Hesabu haina kabila wala rangi: inamwangusha mtawala kama inavyoweza kukiangusha chama cha kijiji.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe.

La kwanza. Kampuni ilianza safari bila fedha za kufika. Ilikuwa na fedha za kuanzia, na ilikuwa na matumaini ya kumalizia. Katika vitabu vya hesabu matumaini hayana safu yake. Ukiyaandika kwenye safu ya mapato, umeshajidanganya mwenyewe kabla hujamdanganya mtu mwingine.

Linganisheni na jirani. Upande wa Mombasa, kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 nayo ilijaribu reli. Mwaka 1890 ilianza kutandaza njia nyembamba, ikafika kama kilomita 11, ikakoma. Mwaka 1895 kampuni nzima ilisalimisha madaraka yake kwa serikali ikalipwa pauni 250,000. Halafu, mwaka 1896, mwaka uleule ambao Wajerumani walikuwa wakishangilia Muheza, serikali ya Uingereza ilianza kujenga reli yake kutoka Mombasa, fedha zikiidhinishwa na bunge. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ile iligusa ziwa letu huko Kisumu, zaidi ya kilomita 900 kutoka baharini. Iligharimu zaidi ya pauni milioni tano, na maelfu ya vibarua kutoka India walipoteza maisha, kwa hiyo hatusemi ilikuwa kazi njema. Tunachosema ni kwamba aliyelipa alijulikana tangu mwanzo.

Na hapo ndipo habari hii inapofika nyumbani. Baada ya mwaka 1901, Mwanza ilikuwa mji wa Mjerumani, lakini ngozi na mazao ya Mwanza yalipakiwa kwenye meli, yakavuka ziwa hadi Kisumu, yakapanda reli ya Mwingereza hadi Mombasa. Mjerumani alikuwa na bandari zake mwenyewe Tanga na Dar es Salaam, lakini hakuwa na njia ya kutufikisha huko. Aliyemaliza ndiye aliyepata mzigo.

Wajerumani wenyewe walilielewa jambo hilo. Mwaka 1904 ilipoundwa kampuni ya kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, serikali iliwadhamini kwanza wenye hisa kwamba faida yao italipwa, ndipo kazi ikaanza. Reli ile ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kuja Mwanza lilikamilishwa mwaka 1928, wakati wa Mwingereza. Lilipita Malampaka, Malya, Bukwimba na Fela, likaiacha Magu pembeni. Ndiyo maana pamba ya kwetu ilizoea lori na barabara, na ndiyo maana sisi watu wa Magu tunajua vizuri maana ya kuishi karibu na kitu kisichokufikia.

La pili. Mzigo uliotegemewa si mzigo uliokuja. Mwaka 1893, mwaka uleule ujenzi ulipoanza Tanga, mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62. Hakuna mwenye hisa ambaye angeweka fedha zake kwa sababu ya miche 62. Lakini mkonge ndio uliokuja kuijaza reli ya Tanga baada ya kahawa kushindwa, na miaka mingi baadaye ukawa zao kubwa la biashara ya nje ya nchi hii. Mkonge huchukua miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Ulipokuwa tayari kwa wingi, kampuni haikuwapo tena kupokea nauli.

Tunasema hivyo kwa sababu hata katika chama chetu kuna fedha tunazozitegemea na fedha tulizonazo. Leo mtatoa fedha taslimu, na mtatoa ahadi. Ahadi ni jambo la heshima, tunazishukuru sana, na tunaziandika zote. Lakini ahadi ni miche: mingine itafika hai, mingine haitafika, na hata itakayofika inahitaji muda. Mtu anaahidi Juni akiwa na kazi, Septemba kazi imekwisha. Anaahidi akitegemea pamba au dengu, mvua inakataa. Hatumlaumu. Tunachokataa ni kumwita fundi kwa fedha ya ahadi.

La tatu, nalo ndilo linalotukosesha usingizi zaidi. Kitu kikishajengwa kinaanza kula. Reli haikai tu pale kwa kuwa imetandazwa. Mvua za pwani huchimba tuta, mchwa hula mataruma, majani hufunika njia, na kila siku lazima pawe na watu wa kuitengeneza. Reli ya kaskazini yenyewe imetuonyesha hilo katika enzi zetu: ilikaa miaka mingi bila treni za abiria kwenda Arusha, hadi iliporudishwa mwaka 2020 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza: na ukishajenga ukuta, weka fedha ya ufa.

Sasa turudi kwenye boma letu.

Neno boma katika Tanzania ya leo kila mtu analielewa. Ni kuta zilizosimama bila paa. Utaratibu wetu ni kwamba wananchi huanza kwa nguvu zao, na jengo likifika hatua fulani halmashauri huombwa kusaidia umaliziaji. Ni utaratibu mzuri, umezaa madarasa na zahanati nyingi. Lakini halmashauri ina maboma mengi kwenye foleni. Boma lililokaa muda mrefu huanza kurudi ardhini: tofali zinalika na mvua, nondo zinakula kutu, mbuzi wanahamia ndani. Kila msimu wa mvua unaopita, fedha zilizozikwa mle ndani zinapungua thamani ingawa hakuna mtu aliyeiba hata senti.

Wodi yetu ya wazazi imefika kwenye linta. Kinachobaki ni kupaua, kuezeka, lipu, sakafu, milango na madirisha, umeme, tangi la maji, shimo la choo, na vitanda. Tumemwomba fundi atuandikie hesabu ya kila kimoja hadi siku ya kufungua mlango, si hadi siku ya bati la mwisho. Hesabu hiyo mmegawiwa. Isomeni kabla ya kupiga kura.

Jengo likiwa na bati bila maji, mkunga hawezi kufanya kazi humo. Likiwa na maji na vitanda bila umeme, mama atajifungua kwa mwanga wa simu. Hayo ndiyo yanayotuongoza tunaposema tumalize. Mama anayeshikwa na uchungu usiku leo anapandishwa bodaboda, akishikiliwa na ndugu nyuma yake, kwenda kutafuta huduma mbali. Huyo hana faida na kuta zetu hata zingekuwa za majengo matatu.

Tunajua hoja za upande wa pili, na hatuzidharau.

Wapo wanaosema watu huchangia jambo jipya. Jiwe la msingi huvuta mgeni rasmi, mgeni rasmi huvuta wachangiaji, na hakuna anayevaa suti kuja kuchangia lipu. Ni kweli. Tumeona wenyewe kwamba bahasha hunenepa palipo na utepe wa kukata. Jibu letu ni kwamba utepe wa kufungua nao ni utepe. Tukifungua wodi inayofanya kazi, harambee ya mwaka unaofuata itakuwa na mashahidi wenye watoto mgongoni.

Wapo wanaosema bweni haliwezi kusubiri, kwa sababu binti anayetembea kilomita nyingi kwenda shule anakutana na hatari kila siku. Hao wanasema kweli, nasi hatuna jibu la kuwafuta machozi. Tukimaliza wodi kwanza, bweni litachelewa, na kuna mabinti watakaolipa gharama ya kuchelewa huko. Hatutaki mtu yeyote humu apige kura akidhani uamuzi wetu hauna gharama. Tunachowaambia ni kwamba tukigawanya fedha za leo mara tatu, hesabu inaonyesha tutakuwa na maboma matatu. Bweni lisilo na paa halimlindi binti, kama vile wodi isiyo na paa isivyomsaidia mama. Mshika mbili moja humponyoka. Sisi tungeshika tatu.

Wazee wetu waliijua kanuni hii bila kusoma uhasibu. Aliyetaka shamba lake lilimwe na kundi la vijana alikwenda kwa nsumba ntale, wakapatana siku. Siku hiyo jembe na ngoma vilikuja pamoja. Lakini mwenye shamba alijua kwamba kundi lazima lile, na aibu ya kuita watu ukashindwa kuwalisha ilikuwa kubwa. Kwa hiyo alitazama ghala na zizi kwanza, ndipo akaita watu. Nasi tunaomba tuangalie ghala kabla ya kupiga ngoma.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati inaleta mapendekezo manne.

Moja, fedha zote taslimu zitakazopatikana leo ziende kwenye wodi ya wazazi hadi ifunguliwe, ikiwa na maji, umeme na vitanda.

Mbili, ahadi ziandikwe katika daftari lake, tofauti na fedha zilizopo benki, na hakuna mkataba wa fundi utakaosainiwa kwa kutegemea ahadi.

Tatu, sehemu moja ya kumi ya kila mchango, mkubwa au mdogo, iwekwe katika akaunti ya matengenezo ambayo haiguswi kwa ujenzi mpya. Anayetoa shilingi elfu kumi ajue kwamba elfu moja yake itanunua kitasa, balbu au rangi miaka mitano ijayo.

Nne, wodi ikishafunguliwa, jengo linalofuata liwe bweni, kabla ya nyumba ya mganga, na tuanze kulichanga likiwa na hesabu kamili ya kufika mwisho. Hilo tunaliweka kwenye kumbukumbu za mkutano ili mabinti wasije wakasahauliwa tena mwakani.

Serikali yetu nayo inajenga reli ya kisasa kipande kwa kipande, na tangu mwaka 2024 treni zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, liliwekwa mwaka 2021. Tunaiombea kazi hiyo ifike. Siku itakapokamilika, mjukuu wetu ataweza kupanda treni Dar es Salaam na kushuka Mwanza. Kutoka pale atapita Kisesa na Nyanguge kwa barabara aje kutusalimia. Tungependa akifika akute kwamba kwenye zahanati ya babu zake kuna taa inayowaka usiku, na mlango ulio wazi.

Wahenga walituachia neno ambalo kila mhasibu analipenda: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu liko wazi mezani pale mlangoni, mwekahazina ameketi hapo, na kila mchangiaji atapata stakabadhi kabla hajatoka.